Kona ya Nane ya Mzee Oduor

Mwalimu Walubengo alikuwa na mikono miwili inayojua kazi, na shida yake yote ilianzia pale alipoambiwa aifiche mgongoni.

Babake alikuwa seremala huko Kimilili, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Alimfundisha mwanawe kwa kumpokonya. Mtoto akishika patasi vibaya, mzee aliinyakua, akamaliza kazi mwenyewe huku akinung'unika, na mtoto akabaki kukodoa macho. Hivyo ndivyo Walubengo alivyoijua mbao, kwa kutazama mikono ya mtu mwingine ikirekebisha makosa yake. Alipofika chuo cha walimu wa ufundi kule Nairobi akakuta mambo yamepinduliwa juu chini. Mkufunzi wao alikuwa na sheria moja, na aliirudia hadi ikawachosha. Mwalimu wa useremala akiingia karakana, mikono nyuma. Mwanafunzi akikosea, muulize, mweleze, mchoree ubaoni, ila kazi yake usiiguse, kwani ukishaigusa si yake tena, na wewe mwenyewe hutajua kama anajua.

Walubengo aliitikia, akafaulu, akapewa cheti chake. Mikono ndiyo haikuitikia. Kila alipoona msumeno ukipinda kwenye mstari, vidole vilimwasha kama mtu aliyeshika upupu.

Mwaka wa themanini na sita alitumwa Nyaruoth, shule ya harambee iliyo ufuoni mwa ziwa, magharibi ya Kisumu. Yeye na mkewe Nekoye wakapanga nyumba Kaloleni, na kila asubuhi alikanyaga baiskeli hadi shuleni, skwea yake ya kupimia pembe imechomoza kwenye mkoba kama mkia. Zilikuwa siku za masomo mapya. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba mtoto wa Kenya asitoke shuleni akijua kuandika barua ya kuomba kazi tu, atoke akijua na kushika nyundo. Wazo zuri, nani angelipinga? Ila nyundo zenyewe hazikuja. Silabasi ilikuja, ikafuatwa na barua ya kusahihisha silabasi, kisha barua ya kufuta ile barua, na walimu wakaambiwa waendelee.

Kuhusu yeye ni nani hasa, Walubengo hakupata jibu. Katika chumba cha walimu aliitwa fundi. Mwalimu mkuu, Bwana Ogola, mtu mwema asiyejua kukaa na tatizo bila kumkabidhi mwingine, alikuwa anamtoa darasani katikati ya kipindi ili aje kufungua kitasa kilichokwama. Huko barabarani, mafundi wa vitanda na viti walimwita mwalimu, na walilitamka neno hilo wakicheka, maana yake mtu wa chaki. Nekoye alipomuuliza siku moja amwandike nini kwenye karatasi za kanisa mahali pa kazi ya mume, alikuna kichwa muda mrefu hadi mkewe akaandika mwenyewe. Hakumwonyesha alichoandika.

Karakana ya Nyaruoth ilikuwepo kwa sababu ya mtu mmoja, Mzee Oduor. Mzee huyu alistaafu reli, akarudi kwao, akawa mwenyekiti wa kamati ya shule, na alikuwa na tabia ya kusimama kwenye mikutano na kutokaa mpaka wazazi wakubali. Ndiye aliyewabembeleza na kuwagombeza hadi mabati yakapatikana. Mbao zilipokosekana, alifanya jambo ambalo watu walilizungumza hadi sokoni Kisian. Aliukata mvule uliokuwa nyuma ya boma lake, mti aliopanda babake, akaupasulisha mbao, akazileta shuleni kwa mkokoteni. Zikapangwa karakanani na kuachwa zikauke mwaka mzima. Walubengo alizipitia kila asubuhi na kuzigusa. Mbao za namna hiyo hakuwa amezishika tangu atoke kwa babake, na alizipenda kwa dhati.

Zilikuwa zimewekewa kazi maalumu. Mwaka wa themanini na tisa ndio ulikuwa mwaka wa mtihani wa kwanza wa kidato cha nne chini ya masomo mapya, mtihani ambao hakuna mwalimu aliyewahi kuuona, hata yule aliyejidai kwamba amewahi. Waliochagua useremala walikuwa wanane, wavulana saba na msichana mmoja, Anyango. Maagizo yalisema kila mtahiniwa atengeneze kwa mkono wake kazi yenye manufaa kwa jamii, yenye viungo vya meno, yaani mbao mbili zinazoumana pembeni bila msumari. Mwalimu angeipa alama, kisha mtahini angetoka Nairobi kuja kuiona kwa macho yake. Walubengo akaamua kila mmoja achonge kasha la nguo kutokana na ule mvule.

Bwana Ogola alimwita ofisini na kumweleza waziwazi. Kama wanane hawa wangekosa alama, useremala ungefungwa Nyaruoth, karakana igeuzwe ghala, na Walubengo atafutiwe shule kwingine. Wanafunzi nao wangekuwa na pengo kwenye cheti ambalo hakuna wa kulijaza. Walubengo alitoka pale akijua kitu kimoja tu kwa hakika. Lazima yule mtahini akute kazi nane.

Mwanzoni mwa Septemba, kabla msumeno haujagusa ubao hata mmoja, Mzee Oduor akafa.

Alifia hospitalini mjini, na siku ile aliyofariki alikuwa amemwambia mkewe, Mama Selpha, kwamba anataka kulala ndani ya mti wa babake. Mama alilisema jambo hilo mbele ya ukoo mzima bila kupandisha sauti. Hakuna aliyelipinga, na kusema kweli nani angeanzia wapi kulipinga? Bwana Ogola alikuja karakanani kofia mkononi.

"Mwalimu, sasa hapa tunafanya nini?" alisema. "Mzee amesema alale kwa mti yake. Mimi naweza kumwambia Mama hapana?"

Walubengo alizitazama zile mbao. Aliwaza kwamba mbao zilitolewa kwa shule. Papo hapo akawaza kwamba aliyezitoa ndiye anayeziomba. Jeneza lingemeza ubao wote mzuri, na vipande vya kubaki visingetosha hata kiti cha mtoto. Hela ya kununua mbao nyingine haikuwepo, na mbao mbichi ingepinda kabla mtahini hajafika. Alizunguka meza ya kazi mara kadhaa, mikono nyuma, na kila alipozunguka alikuwa amebadili mawazo. Mwishowe akasema neno ambalo hata yeye lilimshangaza. Wanafunzi ndio watakaolitengeneza jeneza, na jeneza ndilo litakuwa mtihani wao.

Aliona linawezekana. Sanduku lina kona nne, na mfuniko ukijengwa kama sanduku fupi una kona zake nne. Kona nane, watahiniwa wanane. Na kazi yenye manufaa kwa jamii, mtu angetaka manufaa gani zaidi? Bwana Ogola aliruka na wazo hilo kama aliyetupiwa kamba majini, akaahidi kwamba atamweleza mtahini mwenyewe, kila kitu kitakuwa sawa. Walubengo alimwamini kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumwamini.

Wakafanya kazi siku tatu. Majeneza ya sehemu ile huwa yamepanuka mabegani na kupungua miguuni, lakini viungo vya meno vinataka pembe mraba, kwa hiyo hili lilijengwa limenyooka kama kabati. Wapita njia waliochungulia dirishani walitikisa vichwa. Wanafunzi wenyewe walianza kwa woga, wakinong'ona, kisha kazi ikawachukua na woga ukasahaulika. Anyango alikata meno yake kwa utulivu hadi wavulana wakaja kumtazama. Walubengo alipita nyuma yao, mikono imefungwa mgongoni, akiuliza maswali, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kufundisha aliona sheria ya mkufunzi wake ikifanya kazi. Walijirekebisha wenyewe. Alifurahi, halafu akajiona mkosefu kwa kufurahia kazi ya msiba.

Wa nane ndiye aliyemtia wasiwasi. Dalmas alikuwa mjukuu wa marehemu, mtoto aliyelelewa bomani kwa babu yake na kulala nyumbani mwake. Walubengo alimwambia asijilazimishe, wenzake wangemtengenezea kona yake. Dalmas alikataa. Alisema babu atalala kwenye kona yake na hatalala kwenye ya mtu mwingine. Basi akapewa kona ya mfuniko, upande wa miguuni, kushoto. Msumeno ulitoka nje ya mstari, patasi ikala jino lisilopaswa kuliwa, na pengo likabaki ambalo ungeweza kupitisha kidole. Alipomaliza aliiangalia, akaweka patasi mezani taratibu, akasema, "Mwalimu, imeisha." Kisha akatoka nje.

Walubengo alibaki amesimama juu ya ile kona, asijue aelekee wapi. Mwalimu ndani yake alisema kazi ya mtoto ni hiyo, ipe alama yake ndogo na uiache. Fundi akasema mtu mzima hazikwi na pengo la kupitisha kidole, tena mtu huyu, tena kwa mbao hii. Mwalimu akasema ukiigusa si yake tena. Fundi akauliza, kwani ni mtihani tu huu, si jeneza? Na Walubengo akakuta hajui. Asubuhi alikuwa na hakika kwamba ni mtihani. Sasa alitazama urefu wa lile sanduku na kuona mtu.

Siku ya Jumatano, saa tisa, wanafunzi wakaenda kufanya mazoezi ya nyimbo za mazishi. Karakana ikawa tupu. Walubengo alichukua msumeno akaikata kona ya Dalmas, yote nzima na meno yake, kiasi cha shubiri moja kila upande. Alichukua vipande vilivyobaki vya mvule, akaviunga kwa mshazari na gundi mahali palipokatwa, kisha akachonga meno mapya. Mikono yake ilikwenda yenyewe. Haikuuliza swali wala haikusubiri jibu. Alipoyagonga meno yaingiane yalifunga kwa sauti ndogo ya kushiba, na kwa muda mfupi alikuwa mwana wa babake, mwenye amani kabisa. Amani hiyo ilidumu mpaka alipogeuka na kuiona kona ya Dalmas sakafuni, imekaa kama kiwiko cha mtu. Aliisukuma kwa mguu kwenye rundo la vipande.

Kutoa alama kulimtesa kuliko kazi yenyewe. Wale saba aliwapa walichostahili, na kila alipokata alama aliandika sababu. Alipofika kwa Dalmas kalamu ilisimama. Akiandika ya kona mbovu, mtahini angeshangaa mbona kona ni nzuri. Akiandika ya kona nzuri, atakuwa amejipa alama mwenyewe. Mwishowe akaandika alama ya katikati, ambayo haikuwa ya Dalmas wala yake, na akalala vibaya. Nekoye alimuuliza ana nini. Akamwambia ni mafua.

Mzee Oduor alizikwa Jumamosi, boma likafurika watu. Kabla ya hapo jeneza lilikuwa limewekwa mbele ya nyumba tangu Ijumaa, na Mama Selpha, kama desturi inavyomtaka mjane, alikaa kando yake muda wote, amevaa koti la mumewe, mkono mmoja juu ya mfuniko. Wanafunzi walipokuja kumpa pole aliwashika mikono mmoja mmoja na kuwauliza kitu kwa sauti ya chini. Walubengo aliwaona kwa mbali akadhani anawabariki.

Oktoba mtahini akaja. Jina lake Bwana Wabwire, mtu mrefu mwenye miwani, mkononi mkoba wa ngozi na rula ya chuma. Bwana Ogola, ambaye angemweleza kila kitu, alikuwa ameitwa ghafula kwenye mkutano Maseno. Usiniulize mkutano gani.

Mtahini aliingia karakanani, akatazama meza zilizofagiliwa safi, akauliza kazi ziko wapi. Walubengo akamwambia zimezikwa. Bwana Wabwire alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la vioo. Walubengo akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo maelezo yenyewe yalivyozidi kuwa ya kichaa masikioni mwake. Mtahini alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Alionekana tu kama mtu aliyeshuka kituo ambacho si chake. Alisoma maagizo yake tena, akasema yametaja kazi iliyovunjika, kazi iliyoibwa na kazi ambayo haikuisha, ila hayasemi lolote kuhusu kazi iliyo chini ya ardhi. Bila kitu cha kuona, alisema, itabidi aandike sufuri nane.

Walubengo akasema neno la kwanza lililomjia kinywani, kwamba kuna mtu mmoja aliyekaa na ile kazi siku nzima na zaidi. Hata yeye hakujua alitaka kupata nini kwa hilo. Mama Selpha asingeweza kuja shuleni, maana mjane wa kule hatoki kwake kwenda kwa watu kabla matanga hayajamwachilia. Kwa hiyo wakaenda wao, kwa miguu, mtahini akikumbatia mkoba wake.

Walipewa uji kwanza, kwa sababu pale huzungumzi jambo na mgeni mwenye njaa. Mama Selpha alikuwa angali ndani ya lile koti, mikono ameikunja kwenye viwiko. Alisikiliza shida yao, akaelewa upesi kuliko wote waliowahi kuelezwa. Hakutaka kuonyeshwa karatasi. Alinyoosha mikono mbele yake, viganja chini, kana kwamba ule mfuniko bado uko pale magotini, na akaanza kutembea juu yake kwa vidole.

"Hii ya kichwani, mkono wa kulia, ni ya ile msichana, Anyango," alisema. "Iko sawa kabisa. Lakini jino ya tatu ni nyembamba kushinda zingine. Nilimuuliza, akasema hata yeye alijua."

Bwana Wabwire aliangalia karatasi ya alama. Walubengo alikuwa amekata alama moja kwa Anyango, na kando yake ameandika jino la tatu jembamba. Mtahini alichukua kalamu.

Mama akaendelea. Aliwataja wale watoto mmoja baada ya mwingine, wa mfuniko na wa sanduku, kila mmoja na kona yake, mahali mkono uliteleza vizuri na mahali ulikwaruzwa. Huyu aliacha gundi ikakauka kama chozi. Huyu alikata ndani kidogo, akajaza kwa unga wa mbao. Huyu hakuwa na kosa, na alipoambiwa hivyo alilia. Alikuwa amewauliza wote, siku ile walipokuja kumpa pole, kwa vile alitaka kujua mumewe analala mikononi mwa nani. Kila kasoro aliyoitaja ilikuwa kwenye karatasi. Walubengo aliona tiki zikipangana kwenye mkono wa mtahini na moyo ukaanza kumrudi kifuani. Saba zimepona. Kisha akakumbuka ya nane, na moyo ukashuka tena.

Vidole vya Mama vilifika miguuni, kushoto. Vikasimama hapo.

"Hii si ya nyakwara yangu, si ya mjukuu wangu Dalmas," alisema. "Kona zingine, mbao ni moja mpaka mwisho. Hii iko na mshono hapa, na mwingine hapa. Nilishika nikajua ni mkono ya mtu mkubwa." Alimgeukia Walubengo, na usoni mwake hakukuwa na lawama yoyote. "Japuonj, mwalimu wangu, usiangalie chini. Ulimfichia Dalmas aibu, na mzee akalala vizuri. Mimi nilikuwa natafuta siku ya kukuambia asante."

Kuku alipita mlangoni. Walubengo alisikia shukrani hiyo ikimwingia kama msumari, na hakujua kama aipokee au aikimbie. Alikuwa ameshukuriwa na kukamatwa kwa maneno yaleyale. Mtahini aliweka kalamu chini akamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Akaulizwa hii alama ya Dalmas basi ni ya nani. Akajibu kwa uaminifu kwamba hajui.

Mama Selpha aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na sasa ndiye aliyechanganyikiwa. Aliuliza amesema vibaya wapi. Walubengo alimweleza polepole kwamba kazi ilitakiwa iwe ya Dalmas mwenyewe, na ya Dalmas haipo. Mama akasema ipo. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kona ya mvule, mbao mbili zimeshikana kama kiwiko, pengo likionekana kutoka mlangoni. Dalmas alikuwa ameiokota kwenye rundo jioni ileile, akaileta nyumbani, akaipigilia ukutani. Kofia ya reli ya Mzee Oduor ilikuwa inaning'inia hapo tangu siku hiyo.

Bwana Wabwire aliipokea kwa mikono miwili. Katika kazi zote za wanane wa Nyaruoth, hiyo ndiyo pekee iliyobaki juu ya ardhi, nayo ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko zote. Akatoa rula yake ya chuma. Alipima kila jino, alipima lile pengo, akaigeuza, akainusa, akaigonga kwa kidole kusikia kama imeshika. Alichukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Halafu akakata alama ya Walubengo kwa mstari mmoja, akaandika nyingine juu yake, ndogo.

"Kiungo chako ni kizuri, Bwana Walubengo," alisema. "Naamini bila kukiona. Lakini wewe si mtahiniwa."

Aliirudisha ile kona kwa Mama, akaomba iwekwe palepale ilipokuwa. Kisha akamaliza uji wake.

Kwa hiyo wanane walipata alama zao, wanane wote, na useremala haukufungwa Nyaruoth. Bwana Ogola aliporudi kutoka Maseno alijisifu kwamba alijua tangu mwanzo mambo yatakuwa sawa. Mtu angetegemea Walubengo aende nyumbani akiimba. Hakuimba. Alikanyaga baiskeli hadi Kaloleni na kumweleza Nekoye yote, pamoja na kwamba hakuwa na mafua. Nekoye alisikiliza, akasema yeye angefanya vilevile. Akafikiri kidogo, akasema hapana, asingefanya. Kisha akapakua chakula.

Mtihani ulipoisha na shule kufungwa mwezi wa Novemba, Walubengo alikuwa karakanani akifagia alipomwona Dalmas mlangoni, bila sare, mikono mifukoni. Alikuwa amekwisha kujua alama yake. Hakuja kulalamika, alisema, ile ilikuwa yake na alijua. Ila kuna kitu kilikuwa kinamsumbua, na bibi yake hakuweza kumjibu.

"Mwalimu," alisema, "kama ungewacha ile yangu tu, babu angelala vibaya?"

Walubengo alifungua kinywa. Majibu mawili yalikuja kwa pamoja, moja kwa sauti ya babake na jingine kwa sauti ya mkufunzi, na yote mawili yalionekana ya kweli. Alimtazama yule kijana, na akaona uchungu wa kumdanganya utakuwa mkubwa kuliko aibu ya kutojua.

"Sijui, Dalmas," alisema. "Nimejiuliza kila siku. Kweli sijui."

Miaka mitatu alikuwa amesimama mbele ya watoto hawa, na hajawahi kuwaambia neno hilo. Dalmas aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kitu cha kushika. Akaenda kwenye rundo la vipande, akapekua, akachomoa vipande viwili vya mvule vilivyosahaulika chini kabisa, akavibana mezani. Hakuna aliyemtuma. Alichora mistari yake, akachukua msumeno, akaanza kukata.

Walubengo aliweka ufagio ukutani akaja kusimama nyuma yake. Msumeno ulikwenda vizuri, kisha ukaanza kupinda, kidogo tu, kuelekea kulia. Vidole vikamwasha. Alipeleka mikono mgongoni, mkono mmoja ukaushika mwenzake kwa nguvu, naye akamuuliza Dalmas anaona nini.